Testosteroni imetoka chini, nina kitambi na presha: nianze sindano?

KaraniLikoni ameuliza:

Assalam aleykum wanajukwaa. Nataka ushauri wa watu wanaolijua jambo hili, si wa kubahatisha.

Nina miaka 46, naishi Likoni, kazi yangu ni ukarani wa mizigo upande wa Kilindini na zamu zangu nyingi ni za usiku. Kwa muda sasa mwili umekuwa mzito. Nikitoka kazini nalala, nikiamka bado nimechoka vilevile. Hamu ya tendo la ndoa imepungua, na hata ikija, nguvu si zile. Mke wangu ni mvumilivu, hajanilaumu hata siku moja, ila asema nakoroma mpaka anahamia chumba cha watoto, na kuna wakati pumzi hukatika kabisa halafu nashtuka nikivuta hewa kwa kishindo.

Rafiki wa jimu akaniambia hizo zote ni dalili za testosteroni kushuka. Nikaenda maabara moja mjini, alasiri, baada ya kuamka na kula chakula cha mchana. Majibu yakatoka 8.2 nmol/L, na pembeni wameandika kuwa kiwango kiko chini. Presha waliipima palepale: 148/94. Kiuno sentimita 109.

Huyu rafiki ana mtu wa kuniletea sindano. Asema ndani ya miezi michache kitambi kitayeyuka chenyewe na moyo utapata nguvu. Na mimi nimesoma kwamba mwanamume mwenye testosteroni ya chini yuko karibu zaidi na ugonjwa wa moyo na kisukari. Hilo ndilo lililonikosesha raha, kwa sababu ami yangu alianguka kwa moyo akiwa hajafika miaka 55. Je, nikiipandisha homoni nitakuwa nimeukinga moyo? Sindano zina madhara? Tena twataka mtoto mwingine, inshaallah.

Jambo jingine dogo: asubuhi nikishuka feri na kupanda kile kilima pamoja na umati, kifua hubana. Nikisimama kidogo pembeni, nikajifanya naangalia simu, huachia. Nadhani ni uzito tu, na muguka wa usiku.

---

ChumaMajengo:

Kaka usiogope, mimi nimepiga sindano hizo na nguvu zilirudi, misuli ikajaa, hata usingizi ukawa mzuri. Usikae ukiteseka na dawa ipo. Kama pesa ya sindano haipo, tafuta ule unga wa mkongo, koroga na asali, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Huo ni mti shamba, hauna kemikali.

---

MpimajiKibokoni:

Wa aleykum salaam, kaka KaraniLikoni. Mimi ni mtaalamu wa maabara, si daktari, na vipimo vya homoni ni kazi yangu ya kila siku. Lakini homoni ingoje kwanza. Turudi kwenye lile uliloliandika mwisho ukaliita dogo.

Kifua kinachobana ukipanda kilima na kuachia ukisimama, kwa mwanamume mwenye presha, kitambi, na ami aliyeondoka mapema kwa moyo, ni zito kuliko mengine yote uliyotuandikia. Ndivyo unavyolalamika moyo usiopata damu ya kutosha unapofanya kazi zaidi. Huenda ikawa si hilo, lakini hilo hulijui mpaka upimwe. Kesho ukitoka zamu usiende kulala. Nenda Makadara au hospitali yoyote unayoifikia, waeleze maneno hayohayo ya feri na kilima, ufanyiwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Na kifua kikibana umekaa tu, au kikakataa kuachia, au maumivu yakapanda tayani au kuteremka mkononi na jasho likakutoka, usingoje kuche. Amsha mtu akupeleke saa hiyohiyo.

Na muguka uache leo. Majani yale yana kathinoni, hukimbiza mapigo, hupandisha presha, na huweza kuibana mishipa ya moyo wenyewe. Madaktari wa Yemen, ambako watu wamezoea kutafuna majani ya aina hiyo kila alasiri, wameandika mengi kuhusu watafunaji wanaoletwa hospitali na mshtuko wa moyo.

Sasa homoni. Ile 8.2 yako siiamini, na si kwamba mashine imekosea. Testosteroni huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, na chakula nacho huishusha. Kwa hivyo damu hutolewa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, mtu hajala, na ikitoka chini hurudiwa asubuhi nyingine kabla ya yeyote kusema neno. Wewe ulitolewa alasiri, umeshiba, na usiku wake ulikesha. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya njema kwa muda wa saa 5 tu kila usiku, wiki nzima, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao ni vijana wazima. Seuze wewe wa miaka 46, mwenye zamu za usiku na pumzi inayokatika usingizini.

Mkipokea karatasi angalieni pia vizio, jamani. Kuna mzee alinijia na karatasi mkononi, uso umesawijika, imeandikwa 3.4. Alikuwa amesoma mahali kwamba chini ya 8 ni hatari, akaamini kuwa amekwisha. Kumbe 3.4 yake ilikuwa nanogramu kwa mililita, ambayo kwa nanomoli ni kama 11.8. Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani huweka mpaka kwenye 300 ng/dL, yaani 3 ng/mL au 10.4 nmol/L. Wale wa homoni hukohuko wameteremka kidogo, 264 ng/dL, kama 9.2 nmol/L. Ulaya wengi huanza kuuliza maswali chini ya 12. Na nambari peke yake haitoshi, lazima ije na dalili. Wanaume wa Ulaya wa miaka 40 hadi 79 walipochunguzwa kwa kipimo na dalili pamoja, mwaka 2010, waliopatikana na upungufu wa kweli wa umri walikuwa asilimia 2.1 tu. Ukisikiliza matangazo ya redio utadhani ni nusu ya mji.

Umeuliza uhusiano wake na moyo. Upo, na hufanya kazi pande zote mbili, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachoitwa aromatasi, na hicho huigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Insulini ikizidi mwilini, hupungua ile protini inayoibeba homoni kwenye damu, kwa hivyo jumla husomeka chini hata kama ile iliyo huru haijaanguka sana. Kitambi huutuliza pia ubongo, ukaacha kuzituma korodani kazi kwa nguvu inayotakiwa. Ndiyo maana kama theluthi ya wanaume wenye kisukari cha aina ya pili hukutwa na testosteroni ya chini.

Upande wa pili ni huu: homoni ikikosekana, misuli hupungua na mafuta huongezeka, na misuli ndiyo inayokula sukari nyingi mwilini. Hilo tumelijua kupitia wagonjwa wa saratani ya tezi dume, ambao testosteroni yao huzimwa kwa makusudi ili uvimbe usikue. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitazama rekodi za wagonjwa hao zaidi ya 73,000, wakaona kwamba waliotibiwa kwa sindano za kuizima homoni walipata kisukari na maradhi ya moyo zaidi ya wale wasiotibiwa hivyo.

Basi tuipandishe, tuukinge moyo? Hapa ndipo wauzaji wanapowalaghai watu, na linaniuma, kwa sababu jibu lipo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani liitwalo TRAVERSE. Wanaume zaidi ya 5,200, miaka 45 hadi 80, wote wana ugonjwa wa moyo au wamo hatarini, na wote testosteroni yao iko chini ya 300 ng/dL. Nusu walipakwa jeli ya testosteroni, nusu jeli tupu, wakafuatwa kwa wastani wa miezi 33. Waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo: asilimia 7.0 kwa wenye homoni, 7.3 kwa wenye jeli tupu. Yaani haikuwadhuru kwa hayo, lakini pia haikuwakinga. Na wenye homoni walizidi kidogo kwa moyo kupiga bila mpangilio, figo kuumia ghafla, na damu kuganda mapafuni. Walikuwa chini ya madaktari wanaowapima mara kwa mara. Mtu wa jimu atakupima nini?

Kwa upande wa sukari kuna matumaini zaidi, siwezi kuficha. Waaustralia mwaka 2021 walichukua wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, wenye vitambi na sukari iliyoanza kupanda, wote wakawekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, nusu wakaongezewa sindano ya testosteroni, nusu sindano tupu. Baada ya miaka 2, wenye kisukari walikuwa asilimia 12 kwa waliodungwa homoni, 21 kwa wa sindano tupu. Lakini katika waliodungwa homoni, zaidi ya mmoja kati ya 5 damu yao ilikuwa nzito kupita mpaka wa usalama. Damu nzito kwa mtu ambaye kifua kinambana akipanda kilima! Wallahi nikiwaza hilo nasisimka.

Na mtoto mnayemtaka. Testosteroni ya kudungwa huuambia ubongo kuwa ipo ya kutosha, ubongo ukaacha kuzituma korodani, mbegu zikapungua au zikaisha kabisa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano hiyo kwa wanaume 271 kama njia ya kupanga uzazi, matokeo yakachapishwa mwaka 1990, na wengi wao mbegu zilipotea kabisa ndani ya miezi 6. Zikiachwa sindano, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini huweza kuchukua miezi mingi. Nimepima shahawa za vijana wa jimu waliooa karibuni, nikaangalia chini ya hadubini kioo baada ya kioo, sioni hata mbegu moja, na kijana yuko nje kwenye benchi na mkewe wananingoja.

ChumaMajengo, sikukatai kuwa ulijisikia vizuri, ila mwenzako ana kifua. Na kuhusu unga: mamlaka ya dawa ya Marekani imekamata bidhaa nyingi zinazouzwa kama za asili kwa nguvu za kiume, na ndani yake imekuta sildenafili iliyofichwa, dawa ileile ya vidonge vya nguvu za kiume. Mtu aliyepewa na daktari dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi akikutana na sildenafili, presha yake huweza kuporomoka akafa.

Nimalizie na ile nguvu iliyopungua, kaka, na usione haya. Mishipa ya uume ni myembamba, milimita 1 hadi 2, ya moyo ni 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuiziba mishipa ya mwili, ile myembamba hujulikana mapema. Wanaume wengi huona udhaifu huo miaka 2 hadi 5 kabla ya moyo kulalamika. Kwako vimekuja vyote viwili. Kwa hivyo ukienda, omba sukari ya kufunga na ile ya miezi mitatu, mafuta ya damu yote, figo, na testosteroni ya asubuhi pamoja na LH. LH ni homoni ambayo ubongo huitumia kuzituma korodani kazi, na ndiyo inayoonyesha kama tatizo liko korodanini au juu kwenye ubongo.

---

MamaWaBamburi:

Shemeji, hiyo ya pumzi kukatika usiidharau. Mume wangu alikuwa hivyohivyo, nikikesha namhesabia pumzi. Daktari alisema hewa ikikatika usingizini presha hupanda usiku kucha na moyo haupumziki, na homoni nazo haziamki. Akapewa mashine ya kuvalia usoni. Siku za mwanzo aliichukia, sasa hawezi kulala bila hiyo. Mwambie mkeo arekodi kwa simu unapolala, umpelekee daktari ile sauti. Na sindano ya testosteroni inaweza kulizidisha tatizo hilo la pumzi, hilo tuliambiwa wazi.

---

BabaFeisal:

Mwanangu KaraniLikoni, mimi ni mstaafu wa bandari, zamu za usiku nazijua. Saa 8 za usiku njaa inakuuma, kilichopo ni viazi karai na soda, na ukitoka alfajiri ni mahamri na mbaazi kabla ya kulala. Sukari yangu ilipandia hapo, na testosteroni ilikuwa chini vilevile, kama 9 hivi.

Daktari wangu alikataa kunidunga. Alisema tuondoe tumbo kwanza. Mama Feisal akaanza kunifungia chakula cha zamu: samaki wa kuchoma, kachumbari, wali kidogo. Sikuacha nazi, mimi ni mtu wa pwani, lakini tui tukalifanya jepesi na sahani ikawa ndogo. Soda niliiacha kabisa, na kahawa ya barazani naendelea nayo bila halwa. Baada ya swala ya alfajiri natembea na wazee wenzangu kutoka Makadara hadi Mama Ngina, tukifika tunapunga upepo, tunarudi. Uzito ulipungua kama kilo 12 kwa mwaka mzima na zaidi, sukari ikatulia, na homoni ikapanda yenyewe ikapita 13.

Ila wewe usianze kutembea kwa nguvu kabla kifua hakijapimwa. Sikiliza huyo binti wa maabara.

Na usijipime kwa suruali. Suruali na kikoi twavifunga chini ya kitambi, saizi haibadiliki miaka kumi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Mimi niliambiwa mpaka ni sentimita 94.

---

KaraniLikoni:

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Narudi na majibu.

Nilienda hospitali kesho yake kama nilivyoambiwa. ECG nikiwa nimelala ilikuwa na mabadiliko madogo. Wakanipandisha kwenye mashine ya kutembea huku moyo unasomwa, na kabla sijafika mbali kifua kikabana vilevile kama pale kwenye kilima cha feri, daktari akaisimamisha. Asema mshipa mmoja au zaidi wa moyo umebana, napelekwa kupigwa picha ya mishipa. Nimeanzishwa aspirini, dawa ya kolestro, dawa ya presha, na kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana.

Sukari ya kufunga 8.1, ya miezi mitatu asilimia 7.2. Trigliseridi 2.9, kolestro nzuri 0.8. Sikujua hata kimoja katika hivi. Testosteroni ya asubuhi, baada ya likizo ya kulala usiku, 10.9. LH 4.1, wamesema ni ya kawaida. Muguka nimeacha, na yule mtu wa sindano nimemwambia asije.

Mke wangu alilia aliposoma jibu la MpimajiKibokoni, hasa pale pa kifua. Nilikuwa sijamwambia.

Nina mawili ya kuuliza. Hii 10.9 ni nzuri au mbaya? Na kwa ile nguvu ya ndani, naweza kutumia vidonge vya dukani kwa sasa?

---

MpimajiKibokoni:

Alhamdulillah umefika hospitali, kaka. Mpe mkeo salamu zangu nyingi.

La pili ndilo la haraka. Hapana. Kwa sababu una kidonge cha chini ya ulimi, usiguse sildenafili, wala mwenzake tadalafili, wala unga wowote wa nguvu, hata ukiambiwa ni majani matupu. Mkeo naye ajue, ili ukipelekwa hospitali huwezi kusema, yeye aseme unatumia dawa gani. Ukishatibiwa mishipa, muulize daktari wa moyo mwenyewe ni lini na kama inafaa. Ni swali la kawaida kwake, hatalishangaa.

Hiyo 10.9 iko katikati. Wengine wataiita chini kidogo, wengine watasema inatosha. Kinachonituliza ni LH. Korodani zingekuwa zimeharibika, ubongo ungepiga kelele na LH ingekuwa juu. Yako imetulia pale pa kawaida huku testosteroni ikiwa upande wa chini, na hivyo ndivyo tunavyoona kwa wenye kitambi, kisukari kipya na usingizi mbovu. Ona pia kuwa kutoka 8.2 hadi 10.9 hukutumia dawa yoyote ya homoni, ulilala usiku tu na ukapimwa saa inayofaa. Muombe daktari akuongezee kipimo cha prolaktini, homoni nyingine ya tezi iliyoko chini ya ubongo, maana tatizo la tezi hiyo nalo huja na LH isiyopanda, na ni vizuri kuliondoa mezani.

Kwa sasa homoni iache. Moyo, sukari, presha, kisha usingizi, kwa mpangilio huo. Ile sauti ya kukoroma aliyokushauri MamaWaBamburi ipeleke siku ya miadi ya picha ya mishipa, pamoja na karatasi hizi zote. Muombe pia daktari barua ya kutolewa zamu za usiku. Waajiri wengi hawakubali neno la mdomo, barua wanaikubali.

Testosteroni rudia baada ya miezi kama 6 hivi, uzito ukiwa umepungua. Njoo kabla ya saa 4, hujala, na usije ukitoka kwenye kesha.